Mfuko wa Mpira wa Pili

Tenisi siijui. Najua sketi.
Najua kiuno cha Aichi tangu kikiwa inchi ishirini na mbili,
alipopanda barazani kwangu, Mtaa wa Mawenzi, hapa Moshi,
magoti mekundu kama aliyetoka kufyatua tofali,
akasema: Dada Ndeshi, nishonee mfuko.
Wa hela?
Akacheka. Wa mpira.
Mmoja mkononi, mmoja mfukoni:
wa kwanza ukinasa wavuni, wa pili usitafutwe.

Nikautia kushoto, mshono mara mbili,
kwa kipande kilichobaki cha sare ya shule.
Kesho yake karudi. Unabana, Dada.
Mpira wa pili lazima utoke bila kuombwa.
Nikafumua.

Baba yake alimwagilia korti za klabu alfajiri,
akichora mistari ya chokaa kwa uzi na vigingi,
Kibo ikijifunua dakika kumi tu
kama mwenye nyumba anayechungulia nani kapita.
Mtoto aliwaokotea mipira madaktari,
hadi siku mmoja alipokosa mwenzake, akamwambia: simama kule, nirudishie.
Akarudisha.
Akarudisha. Akarudisha.
Daktari akaketi chini, akaomba maji.

Halafu zikaja safari:
Nairobi, Kigali, kisha miji inayonishinda kutamka.
Risiti nilimtunzia kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo.
Nauli, dola mia tisa.
Kutolewa raundi ya kwanza, dola mia na ushee.
Nyuzi za raketi. Mkate. Ndizi.
Nilijumlisha mezani kwa chaki ya kukatia nguo,
nikamwambia, mdogo wangu, biashara hii
hata muuza nyanya wa Kiboriloni angeshaifunga.
Akasema: sawa, lakini yeye anausikia
mpira unavyolia ukigonga katikati ya nyuzi?
Nikanyamaza. Nami cherehani yangu
siku ikikubali hulia hivyohivyo.

Mwaka wa Mia Tatu na Tisa
(ndivyo tunavyouita, kwa namba yake duniani)
kampuni ikamtumia boksi la nguo nyepesi kama maganda ya kitunguu.
Hazina mfuko. Eti mpira unabanwa pajani, ndani ya kaptura.
Aliniletea zote kumi na moja, usiku, nikazipasua.
Kwenye picha ya gazeti, ukitazama vizuri,
utaona kiraka cha bluu kisichotajwa kwenye mkataba.

Bega lilianza kama uzi uliochomoza.
Usiuvute; ukiuvuta nguo nzima inakuja.
Aliuvuta. Miaka miwili aliuvuta,
sindano, barafu, sevu za kubembeleza,
na namba ikipanda kama bei ya sukari,
mia tano, mia nane,
kisha orodha isiyo na jina lake.

Hakulia mbele yangu. Alinitupia begi, akalala siku tatu.
Kabla ya kufua nikageuza mifuko:
manyoya ya njano, na vumbi,
si hili letu. Lingine kijivu, lingine rangi ya chungwa bovu.
Nchi ngapi zile, na hakuna iliyompa pa kukaa.
Nikakung'uta barazani. Upepo ukachukua, ukaelekea stendi.

Sasa yeye ndiye anayepiga chokaa pale klabu.
Watu husema amerudi alikoanzia.
Watu hawashoni.
Mshono wa kurudi nyuma ndio unaofunga uzi usifumuke.

Jana kaniletea mtoto wa Pasua, Nanseri, miaka minane,
kamasi mdomoni, raketi ndefu kuliko mguu.
Mpime, akasema, akaondoka zake,
na zile kumi na moja hajanilipa hadi leo.
Nikauliza: mfuko nikuwekee wapi?
Miwili, akasema Nanseri.
Huku mpira.
Na huku?
Akanitazama kama mtu asiyejua kitu.
Karanga.